Aliyekuwa Nyuma ya Gathogo

Gathogo alirudi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na akabisha hodi.

Katika miaka thelathini ya ndoa yao hakuwahi kubisha. Mlango ule alikuwa akiusukuma kwa bega, mikono imejaa vifaa vya kazi, huku akiita jina la mkewe kabla hata hajaingia. Sasa aligonga mara tatu, polepole, kisha akangoja. Njambi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchele. "Karibu," akasema bila kuinua macho, kwa kuwa ndivyo mtu asemavyo akisikia hodi. Mlango ukafunguka, na mumewe aliyepotea miezi minane akaingia akiwa amevaa koti lake la kazi la rangi ya machungwa, viatu vimejaa vumbi la kokoto.

"Kuna chai?" akauliza.

Njambi akaweka sinia chini, akaenda kumwekea chai.

Hakupiga mayowe wala hakumkumbatia. Kuanzia mwezi wa nne, tangu siku ile ya mvua alipopotea, kila kitu kilimfikia kana kwamba kimepitia ukuta mnene. Watu walikuwa wamekuja kumpa pole, akawashukuru. Bintiye Becky alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwezi wa tisa, akapewa jina la babu yake, na Njambi akambeba akaona ni mzito kiasi cha pakiti mbili za unga, basi. Kwa hiyo mumewe aliporudi alimpa chai, akaketi mbele yake, akamtazama akinywa.

Walikuwa wakiishi landhi, zile nyumba za mawe za wafanyakazi wa reli, karibu na stesheni ya Ruiru. Nyumba nyingi zilikuwa tupu. Familia zilizobaki zilikuwa tatu tu. Kazi ya Gathogo ilikuwa patroli: kila asubuhi alitembea kando ya reli na spana ndefu begani, akitazama mataruma, zile mbao zinazobeba reli, na kukaza nati zilizolegea. Aliifanya tangu ujana wake. Miaka ile treni zilipokoma kabisa kwenda juu, majani yakafunika reli hadi Nanyuki, aliendelea kutembea kipande chake, na treni ziliporudi mwaka wa korona yeye ndiye aliyejua kila mahali palipokuwa pameoza. Siku aliyopotea alikuwa ametumwa mbali na kipande chake, kupita Thika, kwa sababu mwenzake wa huko aliugua. Atoke Mitubiri kwa miguu hadi Makuyu. Saa tatu alimpigia Njambi simu kumwambia mvua imemkuta njiani. Hakufika Makuyu. Walimtafuta siku nne, wenzake wa gengi la reli na polisi na ndugu zake, wakakuta spana haipo na mtu hayupo.

Sasa alikuwa hapa, akinywa chai, na chumba kilinuka chuma kilichopigwa na jua, na grisi, na mawe yaliyolowa.

"Umekuwa wapi?" Njambi alimuuliza.

"Njiani," akajibu. "Nati za kalvati ya pili zimelegea."

Siku ile ya kwanza Njambi alijua huyo si mumewe. Alimuuliza jina la marehemu mama mkwe wake, mama aliyemzaa Gathogo mwenyewe, na yule akamtazama kwa upole tu. Alimuuliza ni nani alimzaa Becky, hospitali gani, mwaka gani. Hakujua. Alipoelekezwa chumbani alisimama mlangoni akikitazama kitanda kama mtu anayeona chombo ambacho hajui matumizi yake, akarudi kuketi kwenye kiti cha mbao, na hapo ndipo alipokuwa kulipokucha, macho wazi, mikono magotini. Vikombe kabatini vilikuwa vikilialia kwa kugongana, na sakafu ilikuwa ikivuma chini ya nyayo za Njambi, vile reli zinavyovuma treni ikiwa bado mbali. Lakini hakukuwa na treni saa ile.

Ilikuwa rahisi kumfukuza siku hiyo, au angalau kujaribu. Njambi hakujaribu, na sababu yake aliijua yeye tu. Yule hakujua chochote cha nyumbani, lakini mambo ya njiani aliyajua yote.

Alimwimbia nyimbo ambazo Gathogo alikuwa akiimba peke yake baada ya kupita Juja. Alimwambia kwamba Gathogo alipofiwa na kaka yake, aliketi kwenye reli akalia hadi jua likawa utosini, akanawa uso kwa maji ya mtaro, akarudi nyumbani akasema kazi imekuwa ndefu. Njambi hakuwahi kujua. Alimwambia jinsi alivyokuwa akisimama mahali fulani na kusema jina lake, "Njambi," bila sababu, mara moja, kisha akaendelea kutembea. Na alijua maneno yote ambayo Gathogo alisema kwenye simu akiwa kazini. Aliyarudia kwa sauti ileile: sawa, nitapitia dukani; mwambie Becky asiwe na wasiwasi; hapana, sijachoka. Yalikuwa maneno ya upande mmoja tu. Ya upande wa pili, aliyokuwa akijibu Njambi, hakuyajua, na kila alipofika hapo aliacha nafasi wazi, akaendelea.

Kwa hiyo kila asubuhi Njambi alimpikia chai, akaketi, akasikiliza. Aligundua kwamba vidole vyake vilikuwa vikifa ganzi anaposikiliza. Hakuona kama ni jambo kubwa. Alikuwa na ganzi kabla yule hajaja.

Akoth, jirani wa nyumba ya tatu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Siku ya kwanza alikuja mbio na kifuko cha sukari, akamshukuru Mungu kwa sauti, akampa mkono yule aliyerudi. Yule akamuuliza kama treni ya kokoto imeshapita. Akoth hakuja tena. Baada ya siku tatu alimvizia Njambi penye mfereji wa maji, akamnong'oneza.

"Mama Becky, umemwangalia akitembea ndani ya nyumba?"

Njambi alikuwa amemwangalia. Hata kwenye sakafu ya saruji alikuwa akitembea kwa hatua za mataruma: hatua fupi, hatua fupi, moja ndefu, kama mtu anayeruka kutoka ubao hadi ubao, na hakuwahi kukanyaga katikati.

Mchungaji Ngigi akaitwa aje kuomba. Alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakaimba, wakapaka mafuta kwenye mlango, na mchungaji akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtu na kuomba kwa muda mrefu. Kila alipotua, yule aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakati wa kuondoka mchungaji alimvuta Njambi pembeni. Alikuwa akiusugua mkono wake wa kulia kwenye suruali. Alisema alipomgusa alihisi kama ameshika reli treni ikija, na kwamba tangu hapo mkono wake hausikii kitu. Akamwomba Mungu awe naye, akaenda, na hakupokea simu tena.

Becky hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa na saluni yake mtaa wa Kimbo, na kila adhuhuri alifunga akaja na mtoto. Alikuwa amemlilia baba yake miezi minane, na sasa baba alikuwa kwenye kiti chake cha mbao. Alipoambiwa na mama yake kwa upole kwamba mambo si sawa, alisema mtu akipotea muda mrefu hivyo akili lazima iteseke, atapona taratibu, wasiwaambie watu kwanza. Akamweka mtoto mapajani mwa yule. Mtoto alitulia hapo. Alitulia mchana wote, siku baada ya siku, na Becky akafurahi kwamba amempenda guka, babu yake.

Mtoto alipotimiza wiki kumi na nne, alipelekwa chanjo. Njambi ndiye aliyemshika. Muuguzi alimchoma sindano paja la kulia. Mtoto akaendelea kumtazama. Akamchoma la kushoto. Mtoto akaendelea kumtazama, macho makavu, mdomo umefungwa. Muuguzi akaweka sindano chini. Alimgonga nyayo kwa kidole, akamfinya sikio, kisha akauliza, kwa sauti ya chini asisikike na akina mama waliokuwa kwenye foleni, ni lini mtoto huyu alilia kwa mara ya mwisho.

Becky alifungua mdomo kujibu, akagundua hakumbuki.

Waliandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa Jumatatu. Njambi alirudi nyumbani, akaingia jikoni, akashika sufuria iliyokuwa ikichemka, bila kitambaa, akaikaza mkononi. Akahesabu polepole hadi kumi. Alipoiachia, kiganja kilikuwa kimetoka lengelenge jeupe, na hakuwa amesikia chochote. Kutoka sebuleni ilikuja sauti ya mumewe ikiimba wimbo wa baada ya Juja.

Alichukua kitenge, akaenda Thika.

Mzee Balwant alikuwa Singasinga wa miaka themanini na nne, stesheni masta wa zamani, aliyemwajiri Gathogo kwenye gengi. Aliishi na mjukuu wake Jasleen nyuma ya maduka, nyumba yenye picha za injini za mvuke ukutani. Siku zile za kumtafuta Gathogo alikuja kila asubuhi na gari la mjukuu, akakaa stesheni ya Mitubiri hadi jioni bila kusema neno. Sasa Njambi alimweleza yote bila kulia, na mzee akasikiliza huku akitazama mkono wake ulioungua. Jasleen akaleta maji baridi ndani ya beseni, akauingiza mkono ule yeye mwenyewe.

Mzee alisema babu yake alikuwa fundi kwenye kambi ya waliotandika reli kutoka Nairobi hadi Thika, kabla ya Vita vya Kwanza. Kambi hizo za kwanza zilikuwa na amani. Reli ilifika Thika, ikalala miaka, kisha ikapanda tena: Makuyu, Maragua, Murang'a ambayo wakati huo Wazungu waliiita Fort Hall, Sagana, Karatina, hadi Nanyuki chini ya mlima. Na njiani huko wafanyakazi wakaanza kusema kuna kitu kinatembea nyuma yao.

"Kila mahali palijengwa stesheni, pakapewa jina," alisema. "Huyo walimpitishia reli juu ya kwake, hawakumwachia hata ubao wa jina. Tangu hapo anatembea. Anafuata mwenye sauti."

Aliwahi kuingia nyumba ya mtu mwingine, mzee alisema, huko Mitubiri, mwaka wa sitini na nne, yeye Balwant akiwa kijana na baba yake akiwa stesheni masta. Baba yake ndiye aliyemtoa.

"Alimtoaje?"

"Kitu cha reli hakikatai tiketi, Mama Becky. Mkatie. Panda naye treni ya Ijumaa, umtajie kila stesheni kwa jina. Akifika kwake atashuka mwenyewe. Lakini kabla ya kushuka atakuomba kitu. Mpe. Na usimdanganye."

Ijumaa ilikuwa kesho yake. Treni ya kwenda Nanyuki ilikuwa imejaa watu wanaoenda nyumbani Krismasi, mifuko ya mchele na magodoro yamefungwa kamba, watoto wamevaa nguo mpya. Becky alikuwa ameachwa Kimbo na mtoto, ameambiwa baba anapelekwa kwa daktari. Njambi alimpa yule tiketi yake kwenye jukwaa la Ruiru. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu abishe hodi, uso wa Gathogo ukatabasamu, si kwa tabasamu la Gathogo.

Alikaa dirishani. Njambi akakaa kando yake. Mbele yao alikaa mama mwenye kuku ndani ya kikapu, ambaye aliwasalimia, kisha baada ya dakika chache akahama akakaa mbali bila kusema kwa nini. Kuku alikuwa amelaza shingo kama aliyelala.

"Hapa ni Juja," Njambi alisema treni ilipopunguza mwendo.

Yule akatikisa kichwa.

"Hapa ni Thika."

Mzee Balwant alikuwa amesimama kwenye jukwaa, kilemba cheupe, mkono mmoja kwenye bega la Jasleen. Hakupunga. Alimtazama aliyekaa dirishani, na aliyekaa dirishani akamtazama, na wakabaki hivyo hadi treni ikaondoka. Kisha ikaja miti, na mananasi safu kwa safu kwenye udongo mwekundu.

"Hapa ni Mitubiri."

Alitikisa kichwa, lakini hapo sakafu ya behewa ilianza kuvuma chini ya miguu ya Njambi, mvumo ambao haukuwa wa magurudumu kwa kuwa ulipanda hadi kwenye meno, na ganzi iliyokuwa vidoleni ikapita kiwiko, ikashika bega, ikashuka kifuani taratibu kama maji yanayoingia kwenye shuka, na akaona watoto wa kiti cha pili wakiacha kucheza mmoja baada ya mwingine, wakaketi wima na nguo zao mpya, wakitazama mbele, wote, bila kupepesa, na mama zao wakaendelea kuongea kana kwamba hakuna kilichotokea. Makuyu ikapita, na mkonge wake. Akaitaja. Ikapita Saba Saba, akaitaja. Alipotaja Maragua sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba, na yule akamgeukia, karibu sana, na pumzi yake ilikuwa ya mawe yaliyolowa.

"Siku ya mvua," alisema, "alikupigia simu."

"Ndiyo."

"Alisema: Njambi, kuna mtu ananifuata nyuma. Alisema: nikisimama anasimama. Alikuwa anakimbia. Kisha ukasema kitu. Sikusikia." Alingoja. "Ulimwambia nini?"

Hayo Njambi hakuwa amemwambia mtu. Aliwaambia polisi kwamba mumewe alisema mvua imemkuta, basi. Hata kwa Becky hakusema. Alikuwa ameyaweka mahali, akafunika, na tangu siku ile hakuhisi tena kitu kingine chochote.

"Niambie kwanza yuko wapi," alisema.

"Tulishampita."

Treni ilikuwa ikipanda. Njambi aliangalia mikono yake, ule mzima na ule ulioungua, na yote miwili ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Nilimwambia ni mvua," akasema. "Nilikuwa ninafua, nilikuwa na haraka. Nikamwambia, Gathogo, hiyo ni mvua tu, unakimbia nini na umri wako? Tafuta mahali ukae, ipite."

Midomo ya yule ilisogea, akiyarudia maneno yale, akiyaweka kwenye nafasi iliyokuwa wazi.

"Ndiyo maana aliacha kukimbia," alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu aliyekuwa na swali kwa muda mrefu, sasa amejibiwa. Kisha akamweleza: katikati ya Mitubiri na Makuyu, kalvati ya tatu, upande wa mananasi, ndani kabisa mahali maji yamerundika taka. Gathogo aliingia humo kujikinga. Akaketi. Akasogea kidogo, akamwachia nafasi aliyekuwa nyuma yake.

Murang'a ikapita. Njambi aliitaja, au alidhani ameitaja. Waliposhuka bonde na mto ukaonekana, alisema, "Hapa ni Sagana," na yule akasimama.

Alishuka upande usio na jukwaa. Njambi alimwona dirishani akitembea kwenye mataruma, hatua fupi, hatua fupi, moja ndefu, hadi mwisho wa mabehewa, na pale reli inapopinda alitoka nje ya mataruma, akakanyaga majani, na hapo hapakuwa na mtu. Kwenye kiti kando yake lilibaki koti la rangi ya machungwa, limeoza mabegani, limejaa tope. Mtoto mmoja kiti cha pili akaanza kulia, na mwenzake, kisha wote, na mama zao wakashtuka wakiulizana nani amewapiga.

Simu ililia akiwa bado amekaa. Ilikuwa Becky. Njambi hakusikia alichosema mwanzoni kwa sababu nyuma ya Becky kulikuwa na sauti kubwa, kali, isiyokoma.

"Analia, Mum," Becky alikuwa akisema. "Analilia miguu alipochomwa sindano, hanyamazi, nifanye nini?"

"Mwache alie," Njambi alimwambia.

Watu wa gengi walimpata Gathogo Jumapili, kalvati ya tatu, upande wa mananasi. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, spana mapajani. Kando yake palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mmoja, pakavu, pamesafishwa mawe. Walimzika shambani kwa baba yake Gatanga kabla ya mwaka mpya. Becky alilia hadi akashikwa. Njambi alitupa udongo wake, akarudi kuketi, na wanawake wakasema ana moyo. Katikati ya mwezi wa kwanza kidonda cha kiganja kilianza kuuma, usiku na mchana, na aliketi kitandani akakibana kifuani akilia kama mtoto, na Akoth akaja kukaa naye na hakumwambia anyamaze.

Mwezi wa pili kipande cha Gathogo kilipewa mtu mwingine, Wanyoike, baba wa watoto watatu kutoka Gitothua. Asubuhi ya kwanza alipita kumsalimu mjane, kwa heshima, na kumuuliza kama kuna jambo la kujua kuhusu njia ile.

Njambi alimwonyesha mahali maji husomba kokoto, na mahali nyuki walipo. Kisha akasema, "Ukihisi kuna mtu nyuma yako, usimpigie mke wako simu. Kimbia. Usisimame mpaka uone watu."

Wanyoike alicheka kidogo, akaona Njambi hacheki naye, akaacha. Akaweka spana begani, akaenda.

Njambi alileta kigoda nje, akaketi akiitazama reli. Akoth alimwita chakula cha mchana, akakataa. Jua lilimpiga uso, lilimchoma, naye hakuhama. Saa kumi jioni Wanyoike alitokea kwenye kona, peke yake, akitembea polepole, amechoka, na Njambi alimtazama hadi akawa karibu kiasi cha kuonekana macho yake, kisha akatazama nyuma yake, umbali wote wa reli, kwa muda mrefu. Ndipo alipoinuka kwenda kuweka chai jikoni.